Miezi Tuliyoacha Nyama

Nilifika Unguja nikiwa bado na nyama ya mama kwenye mkoba. Alinikaushia kwa chumvi na moshi, akaifunga kitambaani, nami niliitafuna tangu Tabora: kwenye benchi la mbao la garimoshi, kisha Dar es Salaam siku nne nikingoja meli, kisha baharini, ambako niliitapika yote niliyokuwa nimekula. Kwetu mama asingekubali mwanawe aonekane safarini na muhogo mtupu. Kabla ya hapo nilikuwa nimejaribu Mwanza na Morogoro, na kote sikumaliza miaka miwili. Nilijiambia kuwa kisiwani, penye bahari pande zote, huenda miguu yangu ikatulia.

Nilipata kazi kwenye ghala la karafuu karibu na bandari. Nilikuwa na mwandiko mzuri wa shule, kwa hiyo nilipewa brashi na rangi nyeusi niandike alama kwenye magunia. Harufu ya karafuu iliingia kwenye nguo, kwenye nywele, mpaka kwenye maji ya kunywa. Wenzangu walizitafuna kutwa. Mimi sikuweza hata kuzitia mdomoni.

Nilipanga chumba cha chini Kiponda. Juu aliishi mjane wa Kihindi ambaye hakula nyama, samaki wala yai. Baada ya mwaka nikaoa. Mke wangu alikuwa yatima, amelelewa na mjomba wake mwenye shamba Kidichi, na mjomba huyo ndiye aliyekubali kumwoza kwa mtu wa bara wakati jamaa wengine walinuna. Sikupaswa kulisahau hilo.

Mimba ya kwanza ilitoka. Ya pili ikatoka pia, tena baada ya majirani kuanza kumletea mke wangu maembe mabichi na nasaha. Ya tatu ilipoingia, alianza kuchukia harufu ya nyama. Siku moja nilileta maini kutoka sokoni Darajani. Nilipoyaweka tu kwenye sahani, akakimbilia uani. Aliporudi alikaa juu ya kibao cha mbuzi, akaanza kukuna nazi bila kunitazama.

"Mwenzangu, huyu nnamtaka," alisema.

"Hata mimi."

"Basi tuweke nadhiri. Nyama isiingie humu ndani. Na wewe usiile popote, mpaka nijifungue."

"Popote?"

"Popote. Na usimwambie mtu. Hao wawili walizungumzwa mno."

Nilikubali haraka, kama ninavyokubali mambo yote mwanzoni. Maini nikampelekea paka wa jirani.

Mjane wa juu hakuambiwa kitu, lakini alinusa mabadiliko ya jiko letu, akashuka na kopo la mbegu za haradali. Alimfundisha mke wangu kuzitia katika mafuta ya moto na kungoja mpaka ziruke, ndipo amwagie dengu juu yake. Mengine mke wangu aliyajua mwenyewe tangu Kidichi. Kunde alizilaza majini, akazichemsha kwa tui jepesi, tui zito akalitia mwishoni na kukoroga taratibu lisikatike. Bilingani alilichoma juu ya makaa ya seredani mpaka ganda likawa jeusi, akalimenya, akaliponda kwa chumvi, pilipili na ndimu. Mchicha ulipikwa kwa maji yake wenyewe. Kulikuwa na shelisheli, mumunye, ndizi mbichi za nazi.

Wiki ya kwanza nilishiba tumbo nikabaki na njaa ya meno. Nilipita mbali na wachoma mishikaki kama mtu anayemkimbia anayemdai. Ghalani walinicheka. "We mbara, majani hayo! Kesho utacheua," alisema mpagazi mmoja, na wengine wakalia kama ng'ombe. Lakini mwezi wa pili nilijikuta nikirudi nyumbani mbio, nikisikiliza kutoka uchochoroni kama haradali zimeanza kuruka. Mke wangu alikuwa anakula, na kilichoingia kilikaa. Sijawahi kukaa mahali nikaridhika kama nilivyoridhika miezi ile mitatu, na nilikuwa nikiogopa kila siku.

Mjomba akatuita Kidichi kwenye khitma, dua ya kumrehemu mkewe. Mke wangu alisingizia homa. Nilikwenda peke yangu.

Baada ya dua tuliketi wanne wanne kwenye masinia ya pilau. Mjomba alinichagua nikae naye. Kama desturi ilivyo, mwenyewe ndiye aliyemega nyama: aliitenganisha na mfupa kwa vidole, akampa huyu, akampa yule, na kipande kilichonona zaidi akakisukuma mbele yangu. Nilikula wali uliokizunguka. Kikabaki peke yake kama kisiwa. Nikaona macho ya wenzangu, nikababaika, nikakisukuma mbele ya mzee aliyekuwa kulia kwangu.

Laiti ningekiacha pale pale. Kusema nimeshiba kungetosha. Lakini kumpa mwingine kile ulichomegewa na mwenye nyumba, mbele yake! Mzee yule hakukigusa. Mjomba aliosha mkono kabla sinia halijaisha.

"Shikamoo mjomba, nnakwenda," nilisema mlangoni.

Akaitika "Marahaba" akimtazama mtu mwingine.

Siku tatu baadaye habari zilikuwa zimefika mpaka Darajani: mbara wa Kiponda amekataa nyama ya khitma, eti hajui nani kaichinja. Kisha mjomba akanitumia salamu niende, peke yangu.

"Mwambie unaumwa tumbo," mke wangu alisema. "Mwambie lolote. Usile tu."

Nilimkuta barazani kwake. Mbele yake palikuwa na sahani moja iliyofunikwa kawa.

"Mimi nilikupa mwanangu," alisema. "Watu wote walinambia, huyo mtu wa njia, leo yupo, kesho hayupo. Nikasema hapana. Mbuzi huyu nimemchinja kwa mkono wangu. Kula, nikuone."

"Mjomba, tumbo langu..."

"Tumbo lako linakaa nyumba gani? Asiyekula changu, hakai na mwanangu. Kesho nnakuja kumchukua."

Ningeweza kumwambia. Maneno mawili tu: ana mimba. Angefurahi, angenikumbatia, na kabla ya alasiri Kidichi nzima ingejua. Nilipima siri na nyama, na nyama ikaonekana nyepesi. Nilifunua kawa. Nilikula vipande vitatu, na kibaya zaidi, vilikuwa vitamu. Mjomba alilia, akanishika bega.

Wakati wa kurudi niliokota karafuu kwenye jamvi walipozianika, nikazitafuna njia nzima mpaka ulimi ukafa ganzi.

"Amesemaje?" mke wangu aliuliza.

"Yamekwisha."

"Umekula?"

"Sijala."

Alinitazama kidogo, akaenda kupakua kunde.

Mimba ilitoka siku ya tisa. Daktari alisema mambo haya hutokea, hakuna wa kulaumiwa. Mjane wa juu alishuka, akakaa na mke wangu siku nzima. Mimi nilikwenda ghalani nikaandika alama kwenye magunia.

Nilidhani nyama itarudi nyumbani. Haikurudi. Mke wangu aliendelea na dengu zake, na mchicha, na bilingani la makaa, na kila tonge lilinipalia. Mwezi ulipita hivyo. Mwishowe, tukiwa tumekaa na sahani katikati yetu, nikamwambia.

"Nlijua," alisema.

"Nani kakwambia?"

"Ulirudi unanuka karafuu mdomoni. Wewe hata maji ukisikia harufu yake hunywi."

"Mbona hukusema?"

"Nlikuwa nangoja useme wewe. Siku tisa nlingoja. Nlijua ukisema, mambo yatakuwa sawa."

 Sijui kama Mungu huhesabu vipande vitatu vya nyama. Najua kwamba yeye alizihesabu siku tisa.

Mjomba hakuja kumchukua. Ni mimi niliyeondoka. Tulikubaliana bila ugomvi. Talaka niliiandika mwenyewe, kwa mwandiko ule ule wa magunia.

Asubuhi ya safari niliamshwa na harufu niliyokuwa nimeisahau katika nyumba ile. Alikuwa amekwenda Darajani alfajiri, akanunua nyama ya ng'ombe, akaipika kwa tungule na mbatata, akanitengea kwenye sahani nzuri. Mwenyewe aliketi mlangoni, mtandio puani.

"Kula," alisema. "Hakuna kinachokuzuia tena."

Nilikaa mbele ya sahani ile mpaka meli ikapiga honi ya kwanza. Kisha nikaifunika kawa, nikachukua mkoba, nikampita mlangoni. Hakunihimiza. Juu, mjane alikuwa ameanza kukaanga haradali, na nilizisikia zikiruka mpaka nilipokata kona ya uchochoro.