Nafasi Haitoshi

Baba yangu alikuwa mchora ramani katika idara ya reli. Kwa miaka arobaini alichora vyoo, maghala na vibanda vya walinzi visivyo na idadi. Stesheni alichora moja tu, ya hapa mtaani kwetu, lakini ukimsikia utadhani aliijenga kwa mikono yake. Zamani palikuwa na tuta la udongo na bati moja la kujikingia mvua, na abiria walipanda kwa kushikana mikono. Yeye akaleta ngazi pana za mawe, vidato thelathini na nane, zinazonyooka kutoka barabarani hadi kwenye mlango wenye saa juu yake. Mgeni akizisifu, Baba hujibu, "Ukiona vyaelea, vimeundwa," kisha husimulia habari yote upya, na sisi tusio wageni tunasikiliza tena.

Mama hakuwahi kuzisifu. Magoti yake yalishamgomea, na safari ya gari humtapisha kabla hata hajatoka mtaani. Dada yake, mama mkubwa wetu, ana miaka themanini na moja na anakaa mwisho wa reli. Kwa treni ni dakika hamsini. Hawajaonana kwa miaka minne, kwa sababu ya vidato thelathini na nane.

Mwaka huu idara ikamtuma injinia, binti mwenye adabu zake, aje kumwona Baba kuhusu ukarabati. Alitandaza ule mchoro wa zamani juu ya meza yetu ya chakula. Alitaka kujenga njia ya mteremko kando ya ngazi, wazee na viti vya magurudumu wapite, lakini pembeni mwa mchoro Baba alikuwa ameandika: nafasi haitoshi. Wakubwa wa injinia hawakuona haja ya kupima tena. Mzee athibitishe tu, atie sahihi, na ngazi zibaki kama zilivyo.

Mama alikuwa hapo hapo, anamenya viazi. Baba alishika kalamu, akaiweka chini.

"Nafasi ilikuwepo," alisema. "Niliichora hiyo njia, halafu nikaifuta. Kuta zake zilikuwa zinaiziba saa, mtu wa barabarani asiione."

Niliona aibu kwa niaba yake, kisha nikapandwa na hasira. Miaka yote minne alimsikia Mama akiilaumu ardhi, naye anaitikia, eti kweli, ardhi ni finyu.

Mama hakumtazama. Alimwuliza injinia kazi itachukua muda gani. Yule binti akasema wakianza mapema, na mambo yakienda vizuri, mwaka na nusu. Mama akafuta mikono kwenye kanga, akachukua simu, akampigia dada yake.

"Dada, usife kwanza," alisema. "Wananijengea njia."