Jicho la Kulia la Desanka

Desanka alikuwa na adui mmoja tu duniani, nao ni upepo unaopita kati ya dirisha na mlango. Sisi wa mji wa Niš tunauita promaja, na hakuna asiyeuogopa, lakini yeye alizidi. Shingo ikikaza, ni promaja. Jino likiuma, ni promaja. Mimi niliyekaa meza ya jirani yake nilikuwa mtu wa kufungua madirisha, maana ofisi yetu ya bima imejaa watu na kompyuta, na wakati wa joto hewa inakuwa nzito kama ya jikoni. Basi nafungua, yeye anafunga. Tumeishi hivyo miaka mingi bila kununiana kwa muda mrefu.

Mwezi wa Machi jicho lake la kulia likaanza kuuma na kuwa jekundu.

"Ni wewe na dirisha lako, Zorka," akaniambia.

Akajifunga kitambaa kichwani, akawa analikanda jicho kwa pamba iliyochovywa kwenye chai ya maua ya kamomili, tena palepale mezani, mbele ya wateja. Kiti akakigeuza, dirisha akalipa mgongo. Skrini akaisogeza upande wa kushoto. Tulicheka mno. Ljubiša, mwenzetu asiyeweza kumaliza hata mkate wake bila kumtania mtu, akipita nyuma yake anampulizia kisogoni.

Kazi ya Desanka ilikuwa kuangalia picha za magari yaliyogongana na kuzilinganisha na maelezo ya madereva. Kutwa nzima macho hayabanduki kwenye skrini. Alikuwa anakaribia kustaafu, na kati yetu sote ni yeye peke yake aliyeipenda kazi ile.

Majani yalipoanza kupukutika, kampuni ilimleta daktari wa kutupima macho sisi tunaoshinda kwenye kompyuta. Alikuwa binti mdogo aitwaye Tijana. Akapanga vyombo vyake kwenye chumba cha mikutano, akawa anatuita mmoja mmoja. Macho yanawasha? Ikifika mchana maandishi yanacheza? Kichwa kinauma ukirudi nyumbani? Karibu wote tulitoka na jibu lilelile: macho makavu, hatupepesi kope vya kutosha, tuwe tunapumzika na kuangalia mbali. Ljubiša akatangaza kwamba ameamriwa na daktari amwangalie muuza mikate wa ng'ambo ya barabara.

Desanka alikataa kwenda.

"Huyo anapima wagonjwa wa skrini. Mimi yangu ni promaja."

"Nenda tu, dada," nikamwambia. "Chumba chenyewe hakina hata dirisha."

Hilo ndilo lililomlainisha. Akanivuta mkono twende wote, ili nikasikie kwa masikio yangu daktari akinitia hatiani.

"Lilianza lini, mama?" Tijana akauliza.

"Machi. Huyu hapa alifungua dirisha, na mlango ulikuwa wazi."

Daktari hakucheka. Alimwambia alizibe jicho la kushoto kwa kiganja, kisha akainua mkono.

"Vidole vingapi?"

"Inua basi, mwanangu, nihesabu."

Mkono ulikuwa umeshainuliwa, mbele kabisa ya uso wake, karibu kiasi cha kumgusa pua. Nilidhani anatutania. Nikamwangalia midomo nikisubiri acheke, na hakucheka. Tijana akapima presha ya jicho, akarudia kupima, halafu akasema twende hospitali sasa hivi, koti tuvalie njiani.

Huko tulimkuta daktari mzee asiyejua kuzungukazunguka. Presha ya ndani ya jicho imeua mshipa wa kuonea, akasema. Haikuletwa na upepo, wala haikuletwa na skrini. La kulia halitarudi. La kushoto nalo limeanza kuguswa, ila linaweza kulindwa kwa dawa ya matone, kila siku, maisha yake yote.

"Na ningekuja Machi?"

"Tungeokoa sehemu kubwa."

Kwenye ukumbi Desanka alikaa kwenye benchi akikunja na kukunjua kile kitambaa chake.

"Ofisini usiseme, Zorka. Mkuu akijua atanitoa kwenye kazi ya picha."

Nilikuwa na hasira ya kutaka kupiga ukuta teke. Nilimkasirikia yeye na kamomili yake, nikatukasirikia sisi tuliopata kichekesho cha miezi yote hiyo. Nikamwahidi kunyamaza.

Asubuhi iliyofuata ilikuwa zamu yake ya kupika kahawa. Akapita meza kwa meza na birika dogo, akimimina kama kawaida yetu. Alipofika kwa Ljubiša akamimina kando ya kikombe, kahawa yote ikaenea mezani.

"Haya, shangazi, promaja imekusukuma mkono?"

Ofisi nzima ikacheka. Mimi niliinamia meza yangu.

"Jicho la kulia halioni," Desanka akasema. Alikuwa bado ameshika birika. "Limekufa. Mlipokuwa mnacheka lilikuwa linakufa, na mimi mwenyewe nilikuwa nacheka na nyinyi."

Kisha akauliza kama kuna mwingine ambaye hajapata kahawa. Ljubiša alichukua kitambaa akafuta meza, na palipokauka akaendelea kupafuta.