Nepi Kwanza, Shati Baadaye

BUJUMBURA, Machi 1998

Saa moja asubuhi, mtaa wa Buyenzi. Mvua iliyonyesha usiku imekatika, na barazani kwa Bi Fatouma, mpiga pasi Sylvère anapuliza makaa ndani ya pasi mpaka machozi yanamtoka. Pasi yenyewe ni ya chuma, nzito, na komeo lake lina jogoo mdogo wa shaba. Mezani kumetandikwa blanketi kuukuu, na juu yake kuna nepi kumi na mbili.

Anapitisha pasi polepole, anageuza nepi, anapitisha tena. Pindo analirudia mara tatu. Kisha anaiweka nepi shavuni, anasubiri ipoe, ndipo anaikunja.

"Upande mumoja haitoshi," ananiambia bila kuinua kichwa. "Yai inajificha mu pindo."

Yai hilo si la kuku. Ni la nzi mmoja wa rangi ya kahawia iliyofifia, anayetaga kwenye nguo mbichi zilizoanikwa kivulini. Mtoto akishavishwa, joto la mwili wake huangua yai, na funza mdogo asiyeonekana hupenya ngozini na kunenepa humo. Mtu mzima atajikuna na kulalamika. Mtoto mchanga atalia tu, na nyumba nzima itadhani ni tumbo.

Mwenye nepi hizi ana siku nane duniani. Ni Lubna, mjukuu wa Bi Fatouma, na jina amepewa jana. Analia chumbani kwa sauti nyembamba yenye amri ndani yake, kwa kuwa nepi zake zote ziko hapa mezani.

Tatizo la leo ni makaa. Tangu juzi njia ya milimani haipitiki kwa sababu ya mapigano, malori hayajashuka, na tangu vikwazo vya nchi jirani vianze bei ya gunia imepanda mara mbili. Debeni kwa Sylvère yamebaki ya kujaza pasi mara moja. Yatatosha nepi au yatatosha mashati. Hayatoshi vyote.

Na mwenye shati ndiye huyu anayeingia. Bwana Ildephonse, karani wa serikali, ni mteja mkubwa kuliko wote: mashati matano kwa wiki, na wenzake wa ofisini hufuata nyayo zake.

"Sylvère, chemise yangu iko tayari? Saa mbili niko na réunion na wakubwa."

"Bado, chef. Naanza na za mutoto."

"Mutoto wa siku nane naye anaenda bureau?"

Wanawake walio kwenye bomba la maji wanaangua kicheko. Sylvère naye anacheka, lakini mkono hausimami.

"Apana, chef. We chemise ikiwa na mikunjo, watakucheka tu. Yeye ngozi yake itatoboka."

Ildephonse hacheki. Anachomoa shati lake kwenye rundo, analikunja chini ya kwapa na kusema atatafuta mpiga pasi mwenye akili. Anaondoka akiruka madimbwi.

Shati moja kwa Sylvère ni faranga ishirini. Nepi ya mtoto mchanga hailipiwi hadi kitovu kianguke. Ni sheria yake mwenyewe, na leo imemfukuzia mteja. Bi Fatouma, aliyesikia yote, anatoka na ushungi begani.

"We Sylvère! Unafukuza wakubwa juu ya nepi? Ungemupigia tu, Lubna ningemufunga mu kanga yangu."

"Na ile kanga ulianika wapi, Mama Radjabu?"

Mama Radjabu ni Bi Fatouma mwenyewe, na jibu analijua. Kanga ilianikwa nyuma ya nyumba kwenye ukoka, kama nguo za kila mtu mjini siku hizi.

Hapo ndipo penye kiini cha habari hii. Kabla ya vita, watu walianika mbele ya nyumba, juani. Vita vilipoingia mitaani, nguo kwenye kamba zikageuka msema kweli: zilimwambia kila apitaye barabarani kwamba ndani kuna watu, na zile ndogo zilimwambia kuna mtoto. Basi akina mama wakazihamishia nyuma, kivulini, kwenye majani. Walimkwepa mwenye bunduki, wakamkaribisha nzi.

Sylvère alijifunza haya kwa uchungu. Mwaka 1994 alikuwa Cibitoke, mtaa mwingine wa mji huu, akipiga pasi mashati ya watu. Mkewe, Spès, alikuwa amejifungua mtoto wao wa kwanza, Audace. Nepi za Audace hazikuguswa na pasi, ili makaa yabaki ya wateja.

"Kinyozi hajinyoi," anasema, na safari hii pasi inasimama. "Mutoto wangu alitoka vipele mu mugongo, vitatu. Tulisema ni joto. Spès akaviminya, vikazidi kuvimba. Mutoto alilia siku tatu."

Siku ya nne risasi ziliwatoa nyumbani. Walikimbia na mtoto, blanketi na pasi. Walifika Buyenzi wakiwa hawamjui mtu, wakajibanza kwenye baraza hii kukwepa mvua. Bi Fatouma alifungua mlango kwa sababu ya kilio.

Hakuuliza wametoka wapi. Alimvua mtoto, akamtazama mgongo, akapaka kila kipele mafuta ya mgando kwa unene. Funza wakakosa pumzi, wakachungulia, naye akawatoa mmoja mmoja kwa kidole chenye kitambaa safi. Usiku ule Audace alilala. Wazazi wake walilia badala yake.

"Aliniuliza mi nafanya kazi gani," Sylvère anakumbuka. "Niliona haya kusema ni mupiga pasi."

"Mi nilicheka!" Bi Fatouma anadakia. "Halafu nikamupa hii baraza. Alhamdulillahi, mutoto alipona."

Audace sasa anakaribia miaka minne, na mgongoni ana makovu matatu madogo kama punje za mtama. Wanaishi chumba cha uani. "Kila siku nikiona ile mugongo, nasema Mungu asante, Mama Radjabu asante," anasema Sylvère. Anapangusa jasho, au si jasho.

Nepi ya kumi imekunjwa na makaa yamekuwa majivu tukiongea. Sylvère anapuliza, jogoo wa shaba amepoa. Zimebaki mbili.

Ildephonse anarudi. Shati lile lile lenye mikunjo amelivaa, na mikononi ana sufuria ya makaa iliyofunikwa kwa sahani.

"Mke wangu amenituma," anasema akitazama pembeni. "Ameniuliza kama nimesahau namna mutoto wa kwetu alivyolia juu ya funza. Maliza za mutoto."

"Na réunion, chef?"

"Wataniona hivi hivi."

Nepi ya kumi na mbili inaingia chumbani ikiwa imepoa. Baada ya kitambo kilio kinakatika.

Spès ni mjamzito tena. Anatarajia kujifungua mwezi wa sita. Sylvère amesikia kwamba Cibitoke baadhi ya majirani wameanza kuezeka upya, naye anaweka akiba ya mabati. Namuuliza atafanya nini kwanza akirudi.

"Nitafunga kamba mbele ya nyumba," anasema. "Mbele, mu jua, kwenye nzi haitagi. Nepi zote za mutoto, barabara nzima ione."

Anaikung'uta pasi, anaijaza makaa ya Ildephonse yaliyobaki, na kunyoosha mkono kwake.

"Siku ile, chef, nitaanza na chemise yako. Leo vua, nikupigie ya pili."