Homa ya Sista

Siku ile kitandani kwake tulikuwepo binti yake, mdogo wake wa kiume aliyeshuka kutoka Oldonyo Sambu, jirani yake muuza maandazi, mzee wa usharika aliyekuja kuomba naye, na mimi niliyezoea kumsaidia kufumua mishono. Alifariki mchana, watu wakiwa bado sokoni. Wengi wenu mnaopita Tengeru siku za soko mlimjua: yule mama wa cherehani aliyekaa pembeni mwa wauza mitumba, akipunguza suruali za Wazungu zikae viunoni mwa Wameru. Kiwanda cha nguo kilipompunguza kazini, alicheka akasema nguo zilezile zilizoua kiwanda ndizo zitakazomlisha. Zilimlisha kweli, ila vibaya. Belo la mitumba likifunguliwa asubuhi hakuinuka mpaka jioni, na chakula chake kilikuwa chai na maandazi ya jirani. Mboga ya mnafu shambani kwake ilikomaa ikatoa maua bila kuchumwa.

Kiharusi cha kwanza kilimkuta akitia uzi kwenye sindano. Mkono ulianguka, mdomo ukaenda upande. Kwa kuwa hakuwa na presha wala sukari, maneno yalianza. Wako waliosema amefanyiziwa na wenzake wa sokoni. Mdogo wake akauza ndama, wakampeleka kwenye kliniki moja ya binafsi, zile zilizochipua mjini baada ya kila kitu kuwa ruksa. Damu ilipelekwa Nairobi. Majibu yaliporudi, daktari alisema kuna kitu kimezidi kwenye damu, kinaitwa homosisteini, akaandika vidonge, akaita mgonjwa mwingine. Hadi walipofika nyumbani neno lilikuwa limeshapata Kiswahili chake: homa ya sista. Sote tulilipokea hivyo. Jirani akasema basi itakuwa homa waliyoigundua masista wa misheni.

Aliimeza ile dawa kwa uaminifu, akawa anajipapasa paji la uso kila asubuhi. Mkono ulirudi kidogo kidogo, cherehani ikasikika tena. Siku moja nilimkuta amegawa vidonge vilivyobaki kwa mtu mwenye malaria.

"Nimeze dawa ya homa na homa sina?" alinijibu. "Hata hiyo homa yenyewe sijaiona, mdogo wangu. Labda inamtafuta sista, mimi ni Mlutheri."

Tulicheka, tukaendelea kufumua mishono.

Kiharusi cha pili, kilichokuja kumuua, hakikumpa nafasi ya utani. Daktari yuleyule alituuliza vidonge viliachwa lini. Mdogo wake akasimama kwa heshima, akajibu, "Homa ilipokwisha, daktari."

"Homa gani?"

Tukamtajia homa ya sista. Ndipo daktari akavuta kiti, akaeleza polepole: si homa, haichemshi mwili, mtu haisikii. Ni kitu ambacho mwili wenyewe hukitengeneza, na kikizidi, mishipa huweza kuharibika na damu kuganda njiani kuelekea kwenye ubongo. Hupanda mtu akikosa vitamini zilizomo kwenye mboga za majani, maharage na nyama. Na wengine huzaliwa na hali ya kukizidisha, kwa hiyo ndugu nao wapimwe. Aliongeza kwamba vidonge hukishusha, lakini hawezi kuapa kwamba vingezuia kiharusi hiki. Nilimheshimu kwa kutoapa. Maelezo yenyewe hayakuwa marefu, chai isingepoa.

Nimechoka, wasomaji wangu, na sitaki kumlaumu mtu mmoja. Zamani zahanati haikuwa na dawa, ila nesi alikugombeza kwa Kiswahili mpaka ukaelewa unaumwa nini. Sasa dawa zimejaa madukani, maelezo yamebaki mpakani. Mgonjwa naye huona aibu kuuliza, hasa sisi tulioishia darasa la tano. Uliza, hata kama foleni inaguna. Rudia ulichosikia mbele ya daktari, akusahihishe.

Mimi shule niliiacha wazazi wetu walipofariki, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa mkubwa. Wadogo zangu hawakuiacha, kwa sababu mama huyu alichukua makoti ya mitumba yasiyonunulika, akayageuza sare. Nilipoanza kushika visenti nikataka kumrudishia, alikataa. Yeye pia alikuwa kifungua mimba aliyelea yatima mwenzake, huyo mdogo wake. "Utanilipa kwa mdogo wangu," alisema.

Baada ya matanga nilipanda Oldonyo Sambu. Mdogo wake alinipokea vizuri, akanikalisha, mkewe akaleta maziwa mgando. Nilieleza yote, hata nikajitolea kumsindikiza akapimwe. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Dada," akasema, "nimetoka kuzika. Niache kwanza nilime."

Mvua zilikuwa zimeanza, na jembe lilikuwa tayari mkononi mwake. Nikamwachia alime. Nitapanda tena wiki ijayo, na nyingine, maana mpaka leo hajapimwa, na mimi sijalipa.