Shule Yetu ya Ng'ambo ya Mto

Harufu ya rangi ya mafuta hunirudisha kwenye ukuta wa sekondari ya kwetu, milimani juu ya Mkuyuni. Nilikuwa na miaka saba. Fundi alikuwa juu ya ngazi akifuta jina la mtakatifu lililoachwa na masista, aandike jina la kata. Nilirukaruka kwa furaha, kwani dada yangu Skola, wa kidato cha pili, angetoka bwenini arudi kulala nami.

Masista walikuwa wameijenga kwa ajili ya wasichana wa bweni. Serikali ilipoichukua, wanafunzi walizidi kutoka mbali, na watoto wetu wengi wakabaki kuuza ndizi getini. Wazee wakachoka. Kikaitishwa kikao: mabweni yawe madarasa, shule iwe ya kutwa, ya watoto wa hapa. Baba alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono.

"Na mto?" mama alimwuliza jioni ile. "Masika mtoto atavukaje?"

"Wenzake wakivuka, naye atavuka. Shule sasa ni yetu, mama Skola."

Skola alitembea saa mbili kwenda, saa mbili kurudi, viatu mkononi visiishe soli. Kitandani miguu yake ilikuwa baridi kama kambale. Nilimpiga mateke huku nikicheka.

Masika yale mvua ilinyesha siku tatu mfululizo. Mama alimsihi abaki.

"Leo kuna mtihani, mama," akasema, akajitanda kanga, akatoka.

Gogo la kuvukia lilikuwa limesombwa. Wenzake walirudi nyuma. Yeye akajaribu kupita kwenye mawe. Tulimpata kesho yake, mbali kule bondeni, kwenye mashamba ya mpunga.

Miaka ilipita, nami nikaanza kidato cha kwanza palepale, katika chumba alichokuwa akilala yeye. Siku hizi daraja lipo, shule ina jina la tatu, na wasichana wa bweni wanatoka mikoani tena.

Lakini enzi zangu daraja halikuwapo. Kila masika baba aliacha shamba lake, akanivusha mgongoni asubuhi, na jioni nilimkuta ng'ambo ananisubiri, suruali imelowa hadi kiunoni. Hata nilipofika kidato cha nne, msichana mzima.

"Baba, wananicheka."

"Waache wacheke. Nishike vizuri."

Nilidhani ananiona mzembe. Nilikuwa tayari na mwanangu nilipoelewa kwamba alikuwa akiomba msamaha, naye hakuwa na wa kumwomba ila mimi. Nami kila siku nilimhimiza aniteremshe upesi, kabla wenzangu hawajatuona.