Msamaha Haurudiwi kwa Ajili ya Flashi

Naikumbuka siku moja Kibosho, mwanangu, na kila nikiikumbuka masikio yananiwaka moto. Nilishaamua kuzeeka nayo kimya kimya. Lakini Jumamosi, kwenye harusi kule Shirimatunda, nimekusikia ukimwambia mama wa bibi harusi: "Mama, rudia kulia kidogo, flashi haikuwaka." Rudia kulia! Yesu na Maria! Mama wa watu anamlilia binti yake, wewe unamtaka aanze upya kama bomba la maji? Kesho utakwenda kumwomba radhi. Leo weka hiyo kamera chini unisikilize.

Nilikuwa na miaka thelathini na kidogo, pale mtaani kwetu Soweto wananiita Mama Picha, na kichwa kimenivimba kweli kweli. Miaka hiyo flashi ya kusimamisha pembeni na kuiwasha kwa mawimbi ya redio ilikuwa ngeni kwetu. Nikaipata yangu, mpya kabisa. Kitabu cha maelezo nikakitupa kabatini. Nisome nini, mimi fundi mzima?

Bibi Venansia wa Kibosho akaniita. Yeye na kaka yake, Mzee Aloyce, walikuwa hawasalimiani miaka mingi kwa sababu ya kihamba, yaani shamba la ukoo. Bibi alimfukuza akimwita mwizi. Mzee akahamia Tarakea, na wanawe wakakua huko wakiapa kwamba Kibosho hawakanyagi. Sasa bibi alikuwa ametambua kwamba alimwonea kaka yake, akataka kumpa isale, lile jani tunaloombea msamaha. Sisi Wachagga ukipewa isale hukatai. Mzee alikubali kuja, lakini wanawe waligoma. Ndiyo maana niliitwa: nipige picha ya jani likipita mkono kwa mkono, mzee arudi nayo Tarakea, wanawe waone kwamba ugomvi umekwisha.

Wakasimama kwenye kivuli cha migomba, nyuma yao mlima umefunguka, mweupe pee. Nikavitaka vyote: nyuso zing'ae na theluji isiungue kwa mwanga. Nikaishika kamera wima, nikapandisha kasi yake ya kupiga mpaka sehemu moja ya mia tano ya sekunde, flashi ikiwa kwenye stendi mbali kidogo. Bibi akanyoosha isale, akasema, "Kaka yangu, nilikukosea." Mzee akalipokea kwa mikono miwili, midomo inamtetemeka. Nikapiga, nikatazama kioo cha kamera.

Bibi yupo, anang'aa. Jani lipo. Mzee Aloyce hayupo! Upande wake, pale kivulini, ni giza tupu.

Kamera ina mapazia mawili ndani yake, mwanangu. Kwa kasi ya kawaida pazia la kwanza hufunguka lote, flashi inawaka mara moja, ndipo la pili linafunga. Ukizidisha kasi, la pili linalifuata la kwanza mgongoni, unabaki mwanya tu unaopita, na flashi ikiwaka mara moja inaangaza kipande. Flashi yangu ilikuwa na mpangilio wa kasi kubwa, wa kuwaka mfululizo mpaka mwanya uishe kupita. Ilitaka kubonyezwa kitufe kimoja, na kusogezwa karibu kwa sababu hapo nguvu yake hupungua. Kitufe kimoja! Na kiliandikwa kwenye kile kitabu cha kabatini.

Basi mimi, mtoto wa Kichagga niliyelelewa kwa mtori wa ndizi, nikafungua mdomo wangu: "Samahani bibi, hebu rudieni kidogo. Chukua jani umpe tena."

Bibi akanigeukia. Mdogo wa umbo, lakini siku hiyo nilimwona mkubwa.

"We mtoto, umelelewa na nani? Neno hili nimekaa nalo kifuani miaka yote hiyo, leo limetoka, unataka nilitoe la maigizo? Nimpe tena, kwani nimemkosea tena?"

"Bibi, jua lilikuwa..."

"Jua limekufanya nini? Sema umekosea wewe!"

Nikasema nimekosea. Mzee Aloyce, masikini, akaniuliza taratibu, "Sasa wanangu nitawaonyesha nini?" Nilitamani ardhi inimeze.

"Utawaonyesha huyu," bibi akamjibu, huku akininyooshea kidole. "Atapanda gari na wewe mpaka Tarakea, akawaambie kwa mdomo wake alichokiona."

Nikaenda. Wanawe watatu walinipokea uani, mikono wamekunja, hata kiti sikupewa. Yule mkubwa akaichukua kamera, akaitazama picha kwenye kioo. "Hapa baba yuko wapi?"

Uongo ulishafika ulimini, nikaumeza. Nikasema, "Yuko kwenye hilo giza, kwa uzembe wangu. Nilipowaomba warudie, shangazi yenu alinifokea mbele ya watu." Nikawasimulia yote: jani, maneno ya shangazi yao, midomo ya baba yao ilivyotetemeka.

Yule mkubwa akanirudishia kamera. "Ungetuletea nzuri," akasema, "ningekwambia mmeipanga." Kisha akamgeukia baba yake. "Baba, Kibosho tunaenda lini?"

Sasa nisikilize, mwanangu. Vyombo vyako uvijue mpaka kitufe cha mwisho, uvijaribu kabla watu hawajafika, na kioo ukitazame mapema. Kazi ikiharibika, usimsingizie jua, wala betri, wala bibi wa watu kwamba alitikisika. Na mtu akishatoa chozi au msamaha wake, usithubutu kumwambia arudie; hakulitoa kwa ajili yako. Picha ukiikosa, ikose, useme.

Mungu akubariki, aibariki kazi ya mikono yako, na akujalie ulimi mwepesi wa kusema "nimekosea" kabla hujaulizwa.