Nyumba ya Kunyamaza

Nje kidogo ya Bariadi, ukiacha barabara ya Lamadi na kushika njia ya ng'ombe, kigango chetu kilikuwa na nyumba ya mafungo. Tuliiita nyumba ya kunyamaza, kwa sababu ukishavuka kizingiti husemi neno hadi utoke. Kuta zake zilikuwa za fito na udongo wa kichuguu, sakafu ilisiribwa kwa udongo na mavi ya ng'ombe, na paa la nyasi nene lilishuka chini hadi mtu mzima akainama ili aingie. Kila aliyekuja kusali alikuja na mzigo wa nyasi kichwani. Aliutua mlangoni, na wanaume wakaziba nazo pale paa lilipochoka. Hapakuwa na fundi wa kuitwa. Waliosali ndani ndio walioiezeka.

Naikumbuka mpaka mwili unasisimka. Nje jua lingekuwa linachoma, ndani ukakuta ubaridi wa mtungi. Mvua ikinyesha ulijua kwa harufu, maana nyasi zilimeza mlio wote. Mwenyekiti wa kigango, mzee aliyependa sauti yake kuliko chakula, aliteseka mle kuliko sisi watoto. Alikuwa akikohoa bila kikohozi, apate tu kusikika.

Lakini mama yangu hakuwa na mahali pengine. Mdogo wangu wa kiume alikufa kwa surua kabla hajatembea sawasawa. Pale kwetu Somanda palijaa watu, bibi, mashangazi, wake za baba wadogo, na wote walimwambia mama asilie sana, atazaa mwingine. Walisema kwa nia njema. Mimi niliwachukia kwa maneno yale, na chuki yenyewe haijaniisha vizuri. Mama akanyamaza, hakumtaja tena yule mtoto mbele ya mtu. Ila kila mwaka kabla ya kupanda pamba alibeba nyasi zake, akanishika mkono, tukaenda mafungoni. Alikaa kwenye kona ileile, mgongo ukutani, viganja sakafuni. Wakati nyumba ile inajengwa alikuwa amembeba huyo mwanawe mgongoni, akisiriba sakafu huku mtoto akimvuta nywele. Akitoka mle uso wake ulikuwa umelainika, na njia nzima aliimba polepole.

Kisha biashara ikafunguliwa. Wanunuzi binafsi wa pamba wakaja na malori yao, na maduka ya Bariadi, ambayo tulizoea kuyakuta na chumvi na muuzaji aliyesinzia, yakajaa sabuni, redio, khanga na mabati. Mabati ndiyo yaliyotutia wazimu. Kabla hata mtu hajanunua godoro, alinunua bati. Nyumba ya nyasi ikageuka aibu, ikawa hata mchumba anaulizwa kwanza kwao kumeezekwa nini.

Jumapili moja baada ya ibada mwenyekiti akasimama. "Jamani, sisi tulale chini ya bati, Mungu tumwache kwenye nyasi?"

Tulipiga makofi hadi viganja vikauma. Mama alipiga vigelegele, akaahidi gunia la pamba. Hakuna aliyelazimishwa. Tulifanya kwa upendo kabisa, ndiyo maana hadi leo sipati wa kumlaumu. Tulidhani ule ukimya unatoka kwa Mungu moja kwa moja. Haikutupitia akilini kwamba ulikuwa unakaa kwenye nyasi.

Nyasi zikashushwa, zikachomwa. Mafungo ya kwanza chini ya bati, asubuhi tulikaa tukipepea nyuso na kutazamana kwa fahari. Jua lilipopanda, bati likaanza kulia, ta, ta, kila upande, na jasho likatutiririka. Alasiri mvua ikaja. Sijawahi kusikia kelele kama ile. Watu walisali kwa kupaza sauti ili wajisikie wenyewe, na mwenyekiti, mwenye furaha hatimaye, akaanzisha wimbo. Nikamtazama mama konani. Alikuwa amefumba macho kwa nguvu, kama mtu anayejitahidi kukumbuka.

Njiani kurudi hakuimba.

"Mayu, unaumwa?" nilimwuliza.

"Siumwi, ng'wanone. Simsikii."

"Nani?"

"Mdogo wako. Mle ndani nilikuwa namsikia anapumua. Leo simsikii."

Mama alikwenda tena mwaka uliofuata, na mwaka mwingine baada ya huo. Bati lilikuwa fupi kuliko nyasi, mvua ikazichapa kuta hadi udongo ukamomonyoka, zikabomolewa, zikajengwa za matofali na sakafu ya saruji. Sasa hapakuwa na nyasi za kubeba wala sakafu ya kusiriba. Mama alisema anajiona mgeni, akaacha kwenda. Usiombe kumwona mzazi wako akimpoteza mtoto yuleyule mara ya pili.

Nilipokuwa msichana mkubwa nikapata kazi ya kufua mashuka Lamadi, kwenye kambi mpya ya watalii. Wakitoka kutazama wanyama, wageni walikuwa wakikaa kimya kwenye banda kubwa lililojengwa kwa kazi hiyo, kuta za udongo, paa la nyasi lililoshuka chini. Mchoraji wa ramani yake, kijana kutoka Dar, alitueleza sisi wafuaji jinsi nyasi zinavyopoza nyumba na kumeza sauti. Tulimwitikia kwa adabu, tukaenda kucheka kwenye kamba za nguo. Mimi nilicheka kidogo tu, kisha nikajificha nyuma ya shuka nikalia. Nilikuwa nimempatia mama mahali pake.

Nikaomba ruhusa, na siku ambayo hapakuwa na wageni nikamleta. Alivua viatu mlangoni, akainama, akaingia. Alipapasa ukuta kwa kiganja, akachagua kona, akakaa. Mimi nilibaki kizingitini, sithubutu hata kumeza mate. Nje upepo wa ziwa ulikuwa ukivuma, ndani haukusikika. Nilisali kwa bidii ambayo sijawahi kusali nayo tena: asikie, asikie tu.

Alikaa muda mrefu. Mwishowe akafungua macho, akanitazama kwa upole, akinionea huruma mimi.

"Ni pazuri, ng'wanone," alisema. "Kimya kipo. Ila yeye hapajui hapa."

Akanyoosha mkono nimwinue.